Kambale wa Uzazi

Zaina aliponipigia simu kuniambia mama mkwe wake ametutoka, nilikuwa sokoni Handeni nabishana na muuza mahindi, na nilikuwa nashinda. Mimi katika kubishana sijapata kushindwa tangu nimalize masomo ya jioni. Hata mke wangu anakubali, ingawa yeye anasema watu huwa wanachoka tu. Zaina alisema, "Shemeji, mama hatunaye," akakata simu. Nikamwachia muuza mahindi ushindi wote na debe nililokwisha kulipima, nikaenda stendi na nguo nilizovaa. Jioni ile nikawa Korogwe, Kilole, katika uwanja ule ule nilioishi mwaka mmoja wa ujana wangu, na macho yangu hayakwenda kwenye turubai la msiba wala kwa watu waliokaa mikekani. Yalikwenda uani, penye kipande cha ardhi kati ya nyumba na choo, ambapo hakuna aliyejenga, hakuna aliyepanda hata mchicha, na watoto wa nyumba ile wamekua wakiambiwa wasipachezee. Pale palikuwa na jiko.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, huko Ngombezi. Tulianza alfajiri, adhuhuri nimesharudi Kilole nanuka maji ya mkonge hadi mbwa wananipisha njia. Jioni nilikwenda kusoma kwenye darasa la watoto wa shule ya msingi, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni. Chumba nilichopanga kwa Mama Sefu kilikuwa kidogo kiasi kwamba nikitaka kugeuka kitandani ilinibidi nitoke kwanza uani nikageukie huko. Lakini dirisha langu lilitazama jiko, na hilo lilikuwa na thamani kuliko ukubwa wa chumba. Harufu ya kisamvu cha nazi ilinifikia kabla sahani haijafika. Maneno nayo yalifika. Nimejifunza mengi darasani, sikatai, ila yaliyonifanya mtu niliyasikia kupitia dirisha lile.

Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha udongo, paa la makuti yaliyoiva kwa moshi, mlango mmoja, dirisha hakuna. Juu ya mafiga palining'inia uchanja, kitanda cha fito ambacho Mama Sefu alikaushia samaki. Mama Sefu alikuwa Mzigua wa Handeni, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Akiita mtu Kilole, mtu wa Masuguru aliitika. Alinipa jina la Profesa siku ya kwanza aliponiona na daftari, na hata Sefu, mwanawe tuliyelingana umri, hakuniita jina lingine tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Profesa. Leo mmefundishwa nini?"

"Leo tumefundishwa kwamba dunia inazunguka, mama."

"Ndiyo maana unachelewa kurudi. Kula, bada inapoa."

Bada ni ugali wa muhogo, na mimi mtu wa milimani niliyekulia mahindi na viazi nilikuwa nadai kwa sauti kwamba unaganda tumboni kama saruji. Nilidai hivyo huku nikimaliza sahani ya pili. Zaina, mke wa Sefu, alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na kazi yote ya jikoni ilikuwa yake, asubuhi mpaka jioni, kwa sababu mkwe alisema mwenye mimba akae penye joto na asibebe vitu vizito. Hivyo ndivyo alivyopendwa. Alikalishwa mle ndani, kwenye kigoda, karibu na moto.

Sefu alikuwa ameacha korona. Mwaka ule dhahabu ilikuwa imepamba moto huko Handeni, na kijito cha kwao, ambako baba yake na babu yake walivua samaki na kunyweshea mbuzi, kilikuwa kimejaa watu wenye makarai. Alikuwa akikaa huko wiki mbili tatu, kisha anarudi na mfuko wa nailoni na hadithi. Mimi nazipenda hadithi, lakini za Sefu zilinishinda. Alisema kuna mtu ametoka kwenye duara lake, shimo la kuchimbia, na jiwe la dhahabu kubwa kama kichwa cha mbuzi. Nilimuuliza kama lilikuwa na pembe.

Kilichokuwa ndani ya mfuko hakikufanana na dhahabu. Wachimbaji walikuwa wakiosha mchanga kwenye karai, wanautia zebaki, zebaki inaikumbatia dhahabu yote, kisha wanakamua kwenye kipande cha kanga mpaka kinabaki kidonge cheupe kama risasi. Ukikichoma, zebaki inaondoka na mvuke, dhahabu inabaki. Wengi walichoma kule kule kijitoni, hadharani. Sefu aliogopa. Mtu akishaonekana anachoma, alisema, jioni yake anapata wageni wenye mapanga. Kwa hiyo alileta vidonge vyake nyumbani kwa mama yake, na alivichoma Ijumaa, wakati Kilole nzima imekwenda msikitini na mtaa umetulia.

Mimi si mtu wa msikiti, nilikuwepo, niliona. Mlango wa jiko ulifungwa, chini ya mlango likasokomezwa gunia ili harufu isitoke. Sefu ndani, na Zaina ndani, kwa sababu moshi wa jikoni hauna maana mbaya ikiwa mke yumo anapika. Sufuria ya maharage ilikaa kwenye mafiga, kikaango chenye kidonge kilikaa kando yake kwenye makaa. Na Mama Sefu alikaa nje mlangoni, ungo mapajani, akichambua mchele.

"Mama Sefu, hodi! Sefu amerudi?" Jirani anapita.

"Amerudi, ana homa, amelala."

"Na Zaina?"

"Yuko jikoni anapika. Ulitaka akacheze mdundiko na tumbo lile?"

Jirani anacheka, anapita. Hapo mama anageukia mlango na kusema kwa sauti ambayo kwake yeye ilikuwa ndogo, "Na wewe Sefu, msikiti unakuona Idi kwa Idi! Malaika watakusahau sura!" Kisha Zaina anatoka na uso unaong'aa kwa jasho, anasema mdomo wake una ladha ya sarafu, na mama anampa limau alambe. Tulijua wote kwamba wajawazito huwa na ladha za ajabu mdomoni. Siku moja Zaina alinionyesha tone la zebaki kiganjani mwake, linavyokimbia, linavyogawanyika na kurudiana, akasema, "Shemeji, angalia, kama lina roho." Nami Profesa nikatoa mhadhara juu ya madini yaliyo maji, nikaeleza hadi kiwango chake cha kuyeyuka, ambacho nilikibuni.

Juu ya yote hayo, kwenye uchanja, walikuwa wamepangwa kambale.

Hapa inabidi nieleze jambo la ukoo ule, maana bila hilo hamtaelewa. Kwao, mwanamke akijifungua mtoto wao, hanyweshwi supu ya samaki wa kununua. Anapewa kambale waliotoka kwenye maji ya ukoo, waliokaushwa na bibi wa mtoto kwa mkono wake, wanawekwa akiba miezi yote ya mimba ili mzazi anywe supu yao mpaka arobaini iishe. Maziwa yanatiririka, na mtoto, wanasema, anaonja maji ya kwao kabla hajayaona. Mama Sefu mwenyewe alinyweshwa hivyo. Kwa hiyo kila Sefu aliporudi kutoka kwenye kijito, pamoja na vidonge alileta kambale wa pale pale, wanene kuliko wa zamani, na mama alikuwa akiwapasua, anawapaka chumvi, anawapanga juu ya moto huku akiimba kwa Kizigua. Nilimsikia kupitia dirisha akimwambia Zaina, "Hawa usiwaguse hata ukipatwa na hamu. Hawa ni wa mgeni wetu." Zaina akajibu, "Mgeni mwenyewe ana njaa, mama, ananipiga mateke." Wakacheka. Nakumbuka kicheko kile vizuri kuliko mtihani wowote niliofanya.

Likizo ya darasa ilipofika, Sefu alinichukua kwenda kukiona kijito. Nilitegemea kuokota dhahabu njiani. Nilikuta maji ya rangi ya chai ya maziwa, kingo zimechimbika kama meno mabovu, na watu mia elfu (haya, labda mia tatu) wameinama na makarai. Chini kidogo, pale maji yanapotulia na kufanya bwawa, ndipo Sefu alipotegea kambale. Na hapo bwawani tulimkuta dada mmoja kavaa mabuti ya mpira, ana ndoo, ana mkasi. Alijitambulisha kwa jina la Neema, mtafiti wa chuo kikuu. Alikuwa akinunua samaki wa bwawa lile na kuwaomba watu nywele za kisogoni, kidogo tu, akapime zebaki.

Samaki alipewa, ila nywele ilikuwa kesi. "Nywele zangu zikalale wapi, dada?" mzee mmoja alimuuliza. "Unazipeleka Dar es Salaam, halafu mimi huku nianze kuota ndevu mgongoni?" Mwingine akasema bora amuombe figo. Yule dada alikuwa karibu kulia. Basi mimi nikajitokeza. Siku hizi kichwa changu kinaakisi jua, lakini mwaka ule nilikuwa na nywele ambazo kunguru angejenga humo, akalea, akahama, nisijue. "Kata, dada," nikamwambia, "na ukipata kunguru, ni wako." Watu wakacheka, naye akacheka, akakata. Baada yangu wakajitokeza wengine. Alipofika kwa Sefu, akawa anamuuliza maswali ya kawaida huku akiandika. Unafanya kazi hii muda gani. Unakula samaki wa hapa? Unachomea wapi?

"Mimi sichomei hapa, dada. Mimi nachomea nyumbani," Sefu akasema kwa fahari kidogo. "Jikoni kwa mama."

"Jikoni? Mlango wazi?"

"Mlango wazi watu waone? Tunafunga. Tunaziba hata chini."

"Mnafunga mkiwa na nani?"

"Na mke wangu. Ana mimba, yuko humo humo anapika."

Neema aliacha kuandika. Alimtazama Sefu, akanitazama mimi, akafunga kalamu yake polepole. Akauliza kwa sauti ya chini kama samaki wa bwawa hili wanafika kwenye jiko hilo. Sefu akamweleza habari ya uchanja, sasa bila fahari. Yule dada alikwenda kumwaga maji ya ndoo, akarudi, akasema, "Pandeni gari. Tusisubiri majibu ya maabara. Twendeni sasa hivi."

Njia nzima Sefu aliinama akihesabu Ijumaa kwa vidole. Nami, mtu ambaye nimewahi kuzungumza hadi kondakta akanirudishia nauli ninyamaze, nilihesabu naye tu.

Tulifika Kilole mchana. Neema aliamkia, akaomba kuliona jiko. Alisimama ndani akatazama juu, pale kambale walipopangwa safu kwa safu, weusi, wanang'aa kwa mafuta, kazi ya miezi. Akamwomba Zaina atoke nje kwanza, akae penye upepo. Kisha akamweleza mama kwa maneno mepesi, bila kumlaumu mtu. Kwamba zebaki ukiichoma haiishi, inapanda hewani, inaingia pumzini, inatua kwenye ukuta, kwenye makuti, kwenye samaki. Kwamba ile inayomwagika mtoni inaingia kwenye tope, vidudu vinaila, samaki wanakula vidudu, kambale anakula wote, anaihifadhi mwilini mwake. Na kwamba mama mjamzito akiipata, inavuka kwenda kwa mtoto, na mtoto ndiye inayemuumiza zaidi, kichwa chake bado kinajengwa.

Mama Sefu alisikiliza ameshika ufito wa uchanja.

"Nikiwachemsha sana?"

"Haitoki, mama."

"Nikiwaloweka na majivu, nikamwaga maji ya kwanza?"

"Haitoki."

"Kule kijitoni, mama yangu alinipa hawa hawa nilipomzaa huyu." Akamwonyesha Sefu kwa kidevu.

"Wakati ule kijito kilikuwa safi, mama. Hukukosea kitu."

"Mlango nilikuwa nalinda mimi," mama akasema. Alisema kwa sauti ndogo kweli, ndogo kama ya mtu mwingine, na ndiyo mara ya pekee niliyoisikia. "Nilikuwa nakaa hapo na ungo, nalinda wasionekane."

Neema akaomba nywele za Zaina, na nikaona Zaina anamtazama mkwewe kwa hofu, maana kwao nywele hazitoki nje ya nyumba. Mama Sefu akafungua mtandio wake. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake. Kilikuwa cheupe. "Anza na mimi," akasema, akainama. "Kata. Kama ni kurogwa, nimeshajiroga mwenyewe."

Gari lilipoondoka alichukua jembe. Sefu alitaka kumpokea, akamkataa. Alichimba nyuma ya choo, shimo la kwenda kiunoni, akawashusha kambale wote kutoka kwenye uchanja, safu kwa safu, akawafukia, akapanga mawe juu mbwa wasifukue. Majirani walisimama kwenye ua wakishangaa chakula kinazikwa. Mmoja akauliza, "Mama Sefu, umepatwa na nini?" Akajibu kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kufika Masuguru, mtaa wote ukasikia: "Mwambie kila mwenye mwana machimboni asichomee zebaki ndani! Nimemchomea mjukuu wangu!" Siri ya dhahabu aliyoilinda miezi yote ikaishia hapo. Kesho yake mimi na Sefu tulilibomoa jiko, udongo wake tukaufukia kama Neema alivyotuelekeza, na toka siku hiyo tulipikia chini ya bati mbele ya nyumba, upepo ukitumwagia majivu kwenye mboga.

Zaina alijifungua wakati wa masika, mtoto wa kike, wakamwita Kidawa. Supu aliyokunywa ilikuwa ya jogoo. Mama Sefu alizunguka Kilole nzima kutafuta majogoo, naapa kuna wiki ambayo hapakuwika jogoo mtaani. Neema alirudi kama alivyoahidi. Akasema samaki wa bwawa lile wajawazito na watoto wasiwale kabisa, na kwamba nywele za Zaina zilikuwa na zebaki nyingi. Mama Sefu akamuuliza, "Sasa mtoto?" Neema akampakata Kidawa muda mrefu. "Tutamwangalia anavyokua, mama."

Tulimwangalia. Shingo ilichelewa kukaza. Kutembea kulichelewa. Mwaka wangu wa Kilole uliisha, nikafaulu mtihani (walimu walisema haijapata kutokea, sikuwauliza walimaanisha nini), nikahamia Handeni, lakini kila nilipopita niliona mikono ya yule mtoto inatetemeka akishika kikombe, na maneno yake yanakuja mojamoja, kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kirefu. Daktari mmoja alisema huenda ni zebaki, mwingine akasema huenda siyo, watoto wengine huzaliwa hivyo. Hatukupata wa kutuambia kwa hakika. Mama Sefu hakungoja hakika. Alimfundisha kushika kikombe kwa mikono miwili na kukijaza nusu, akamfundisha kutoharakishwa na mtu, na akamfundisha swali moja la kuuliza kila samaki akiingia nyumbani. Sefu hakurudi machimboni. Katika miaka yote hii tumezungumza naye mpira, siasa, magoti yetu. Habari ile hajaigusa, nami sijamgusa nayo.

Sasa ni mzee, na katika msiba huu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na ukuta, anapokea pole kwa kichwa. Kidawa alikuwa upande wa wanawake, ana mimba kubwa. Ameolewa na fundi baiskeli wa Masuguru, kijana ambaye ana subira ya kusubiri sentensi zake zifike. Aliniletea chai, nusu kikombe, mikono miwili. "Shikamoo... baba mdogo," akasema. "Usinywe... haraka. Ni ya moto."

Siku iliyofuata maziko akaja mjomba wa Sefu, Mzee Athumani, kutoka Handeni. Aliwapa pole watu wote, akalia kidogo, kisha akafungua ndoo aliyokuja nayo. Kambale. Wanene. "Dada yangu amekwenda," akasema, "lakini mjukuu wake hatakosa haki yake. Nimewatega mwenyewe. Mtawakausha, atakunywa akijifungua."

Hakuna aliyetaka kumkatalia mzee mbele ya msiba, na aliyekuwa na ubavu wa kumkatalia tulikuwa tumemzika jana. Zaina alishika mdomo. Kidawa akasogea, akaangalia ndani ya ndoo, na tukamsubiri, uwanja mzima ukamsubiri.

"Babu... wametoka... wapi?"

"Wapi tena, mjukuu wangu? Kijitoni kwenu."

"Bado... wanachimba?"

Mzee Athumani akatazama huku na huku. "Wanachimba. Sasa wana mashine. Lakini maji ni ya kwenu yale yale."

Hatujui yakoje maji yale leo. Huenda kuna mtu aliyekwenda kuyapima tena, kwetu hajaja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nitoe mhadhara, kama kawaida yangu, nilipomwona Sefu anainuka kutoka mkekani. Aliinuka kwa taabu, akishika ukuta. Alimwendea mjomba wake, akashika mkono wa ndoo, na niliona mkono wake mwenyewe unatetemeka. Sikuwa nimewahi kuuona, au niliuona nikadhani ni uzee.

"Tunashukuru, mjomba," akasema. "Umetembea mbali. Kaa, unywe chai." Kisha akaniambia mimi, bila kunitazama, "Profesa, jembe lipo nyuma ya mlango."

"Mnafukia chakula msibani?" Mzee Athumani akauliza.

"Mama alifukia," Sefu akasema. "Mimi siku ile nilisimama tu."

Nilileta jembe. Nilitaka kumsaidia, akanikatalia kama alivyokataliwa yeye. Akaenda nyuma ya choo, kwenye mawe ya mama yake, akaanza kuchimba pembeni, taratibu, anapumzika, anachimba. Zaina akaniita kwa sauti ambayo nusura niitikie kwa jina la marehemu. "Shemeji! Usisimame hapo kama mgomba! Kamata jogoo, mwekundu yule, huyu mtoto wiki hii hii atatuzalia msibani!" Basi nikavua viatu, mimi mtu mzima mwenye vyeti, nikaanza kumkimbiza jogoo mbele ya waombolezaji, kuzunguka kile kipande cha ardhi kisichopandwa kitu, huku nyuma ya choo jembe linasikika, na Kidawa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, anacheka.